Sauti ya Faki Kwenye Waya wa Wambaa

Nyinyi mnaovuta kile kijiti cha bati kwenye vijiredio vyenu, mkakizungusha huku na huku nanyi mmelala kitandani, hamjui raha mliyonayo. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu juzi mjukuu wangu kaniuliza, "Babu, weye ulikuwa fundi wa nini hasa?" Nikamwambia, fundi wa waya wa redio. Akacheka mpaka akashika mbavu. Ati waya nao una fundi? Ulikuwa nao, bwana! Kazi hiyo nimeifanya Pemba hii hii, kutoka Mkoani mpaka Makangale, mpaka zilipokuja hizi redio zenu za kutia mfukoni zikanistaafisha. Basi kaeni niwahadithie, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mbele hakuchekeki.

Redio ya wakati wetu ilikuwa kabati. Ilikaa juu ya meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenye nyumba tu ndiye aliyeruhusiwa kuigusa. Ndani mna taa za gilasi ambazo zikishapata moto ndipo sauti huja, na chini mna betri ya maji, nzito, ambayo ikiisha nguvu hubebwa begani mpaka Chake Chake ikatiwe moto. Stesheni zenyewe zilikuwa mbali, Nairobi na ng'ambo huko, na sauti ikifika kwetu imeshachoka. Bila ya waya wa nje kabati lile lilikoroma tu. Nimewaona watu wamenunua redio wakakaa miezi wanasikiliza mkoromo, wanaona haya kusema kuwa hawasikii neno, na wageni wakija wanatikisa vichwa kana kwamba habari zimewaingia barabara.

Mimi nilikuwa mkwezi wa minazi. Fundi wa redio alikuwa Kasimali, Mhindi wa Chake Chake, aliyeanza kwa kutengeneza saa na santuri. Alijua kila kitu isipokuwa kupanda mti. Alikuwa mnene, na hata ngazi ya dukani kwake aliipanda akisoma dua zake zote. Siku moja kaniona naangua nazi nyuma ya duka lake, akaniita.

"Weye Shaame, ukiwa kule juu unaweza kufunga kitu kikafungika?"

"Kule juu naweza kulala," nikamjibu.

Basi ndio nikaingia kazini. Yeye hukaa chini kwenye kigoda na mwavuli wake, mimi niko kileleni na koleo kinywani, na tunagombana kwa kupiga kelele mpaka watu wanakuja kutuamua.

Aliyonifundisha Kasimali nawapa bure. Waya uwe wa shaba, urefu wake kiasi cha pima kumi na tano, na uwe juu kadiri mtu anavyoweza kupanda. Usigusane na kuti, maana kuti likirowa linainywa sauti yote. Usiufunge kwenye mti moja kwa moja. Baina ya waya na kamba weka kikombe cha kaure, na wakati wa vita kaure zilipokosekana tulikata shingo za chupa na zikafanya kazi ile ile. Tena mnazi unayumba. Ukiukaza waya baina ya minazi miwili, upepo wa kwanza unaukata. Kwa hivyo upande mmoja pitisha kamba kwenye kigurudumu, uning'inize jiwe, minazi ikiyumba jiwe linapanda na kushuka na waya unabaki salama. Na usisahau waya wa ardhini: fukia kipande kikubwa cha shaba pahala penye unyevu, karibu na kisima, ukifunge nyuma ya redio. Wengi walidharau hilo, wanaona kitu kilichofukiwa kitasikia nini. Na wingu la radi likipanda, waya uchomolewe kwenye redio ufungwe na ule wa ardhini, na watu wakae mbali. Kuna nyumba moja Makangale hawakuchomoa. Nilikwenda nikakuta ukuta umepasuka juu mpaka chini na mwenye nyumba haoni kwa jicho moja. Nadhani mnanielewa.

Halafu kuna upande wa kuuelekeza. Waya husikia kwa ubavu, si kwa ncha. Mzee mmoja wa Mkoani alitaka kusikia Kurani kutoka Misri, na akashikilia kuwa waya lazima uelekee kibla, kaskazini moja kwa moja, kama mtu anavyoelekea akisali. Tukamwambia tuukingamishe, uende mashariki na magharibi. Akakataa, akasema kitu kinachopokea maneno ya Mungu hakiwezi kuipa kibla ubavu. Tukafunga alivyotaka. Mwezi mzima hakupata ila mkoromo, na kila akilalamika Kasimali anamwambia, "Waya hausali, mzee wangu, unasikiliza tu." Mwisho aliutuma ujumbe twende tukaukingamishe, lakini twende saa ambayo yeye yuko msikitini, asije akaona.

Jambo jengine gumu lilikuwa miti yenyewe. Nyinyi wa Pemba mnajua, wa kwengine huenda wakastaajabu: kwetu ardhi ina mwenyewe na mnazi ulioota juu yake una mwenyewe mwengine. Mtu anakuita ufunge waya uani kwake, unapanda mti, unasikia sauti huko chini, "Nani kakupa ruhusa kupanda mnazi wa marehemu baba yetu?" Kwa hivyo kabla ya koleo, kwanza uulize mti wa nani.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bi Mize wa Wambaa.

Wambaa alikuwako Bwana Nassor, mnunuzi wa mbata, mtu mpole, na ndiye aliyekuwa na redio pekee kijijini. Uani kwake minazi miwili ilisimama kwa masafa ya kupendeza, kama iliyopandwa kwa ajili ya waya. Mmoja wake, na mmoja wa Bi Mize, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane, aliyeachiwa mti ule na mumewe. Bwana Nassor akamuomba, Bi Mize akaridhia, tukafunga. Haikupita muda tukaitwa tena, redio imerudi kukoroma. Nikafika nikainua macho. Pweza watatu wananing'inia kwenye waya wangu, wamepanuliwa kwa vijiti, wanakauka na jua!

"Bi Mize," nikasema, "huu waya wa redio, si kamba ya kuanikia pweza."

Akanikata jicho. "Waya umefungwa kwenye mnazi wangu, na pweza ni wangu. Na juu kule paka hafiki. Weye ulitaka niwaanike wapi, kichwani mwako?"

Bwana Nassor akaingia kati. Wakapatana kuwa pweza washuke, na Bi Mize awe na haki ya kuja kukaa uani kusikiliza redio kila atakapo, kwa kuwa mti wake ndio unaosikia. Aliyepanda kuwaondoa pweza ni mwanawe wa pekee, Faki. Alikuwa kijana mrefu, sauti yake nene ya kukwaruza, na kila akitaka kusema neno huanza kwa kukohoa kidogo, ehem, kama mtu anayepiga hodi. Alishuka na pweza watatu mabegani akamwambia mama yake, "Ehem, mama, hawa wameshasikia habari zote za Nairobi, tuwale kabla hawajazisahau." Tulicheka sote. Nakumbuka vizuri kwa sababu sikumuona tena.

Faki alioa binti wa Makangale, Riziki, na ndoa haijapoa vita vikaja, akajiandikisha, akapelekwa Bama, ng'ambo ya Bara Hindi huko, kupigana na Wajapani. Bi Mize akawa haikosi redio ya Bwana Nassor. Haikuwa ikimtaja mwanawe, lakini ilikuwa ikitaja Bama, na hilo lilimtosha.

Kisha mudir, mkubwa wa serikali wa wilaya, akaja Wambaa mwenyewe, kavaa kanzu safi, na watu walipomuona anateremka mbele ya nyumba ya Bi Mize walijua. Akasoma karatasi ya jeshi: Faki kafa, kazikwa huko huko. Matanga yakawekwa, khitma ikasomwa, Riziki akaingia eda ya miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamme. Wazee wake wakaja kutoka Makangale wakasema eda ikisha watamchukua. Na Bi Mize? Bi Mize hakutoa chozi. Alihudumia watu, alipika, aliosha masufuria. Wanawake wakamsema ana moyo wa jiwe. Mimi nilifika kutoa mkono wa pole, nikamuona anavyotembea, nikasema huyu hajajua. Kaambiwa, lakini hajajua.

Hata matanga hayajasahaulika, akapita Wambaa askari mmoja wa Mkoani aliyerudishwa kwa kuumia mguu. Akamwambia Bi Mize kuwa huko Bama walikuja watu na chombo, na kila askari aliyetaka alisema mbele yake salamu za kwao, na salamu hizo zitatoka kwenye redio ya Nairobi. Zile za watu wa Unguja na Pemba zitatoka karibuni, siku ya Ijumaa, jioni. Na Faki alikuwamo. Alisema mbele yake, yeye kamsikia kwa masikio yake.

Bi Mize alikuja Chake Chake kunitafuta kwa miguu yake.

"Waya umeharibika," akaniambia. "Njoo uutengeneze. Nataka kusikia tu, Shaame. Najua kafa. Nataka kusikia tu."

Nani angeweza kusema hapana? Nikaenda. Waya wa zamani ulikuwa umeliwa na chumvi, kijani mtupu, na makuti mapya yameulalia. Shaba haikupatikana wakati ule, lakini Kasimali alikuwa na mashine moja mbovu ya umeme, akaikata tumbo akanipa waya wake wa ndani, mwembamba, nikausokota mara tatu. Nikakata shingo za chupa. Nikaukingamisha, ubavu wake uangalie bara, upande wa Nairobi. Kwa waya wa ardhini nilikosa kitu cha kufukia, Bi Mize akaingia ndani akatoka na sufuria yake ya shaba, kubwa, ya mahari yake. Nikamwambia hii huipati tena. Akasema, "Fukia." Bwana Nassor naye akapeleka betri Chake Chake, ikarudi imejaa, akaifunika asiiguse mtu mpaka Ijumaa.

Vijana wangu, katika umri wangu wote sikufunga waya mzuri kama ule. Nilipoijaribu redio, Nairobi ilikuwa inasikika utadhani msomaji habari kakaa kwenye mkeka anatusubiri.

Ijumaa ikafika. Uani kwa Bwana Nassor hapakuwa na pa kutia mguu. Wanaume huku, wanawake kule, na Shehe Hamad, imamu wa msikiti, kakaa mbele. Redio tuliiweka dirishani, upande wa nyumba ya Bi Mize, ili Riziki asikie akiwa ndani ya eda yake. Bi Mize alikaa chini kabisa, goti lake linagusa ukuta.

Wakapita wa Unguja, wakapita wa Chake Chake, mmoja wa Wete. Kila mmoja maneno mawili matatu. Kisha pakawa kimya kidogo. Kisha: ehem.

Wallahi nywele zilinisimama.

"Mama, mimi Faki. Leo Ijumaa, tumesali, tumekula wali, mimi mzima wa afya, Alhamdulillahi. Usitie wasiwasi. Maneno yoyote utakayoambiwa, usiyasadiki mpaka unione. Riziki, nisubiri, narudi. Nisalimieni Bwana Nassor na pweza wa waya wake."

Basi. Akaja mwengine.

Hakuna aliyemsikia huyo mwengine. Bi Mize alisimama. Sijapata kuona uso wa mtu ukigeuka vile, kama aliyevuliwa kitu kizito. Akasema pole pole, "Leo Ijumaa, kasema." Halafu kwa sauti, "Leo Ijumaa! Mnamsikia? Kasema leo Ijumaa, na leo ni Ijumaa! Mzima! Kasema nisisadiki!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakashikana mikono. Bwana Nassor analia waziwazi. Bi Mize akakimbilia nyumbani kwake, tukamsikia anapiga mlango wa chumba, "Riziki! Toka! Eda ya nini? Mumeo mzima! Toka ujipambe!"

Na mimi niliamini. Msinitazame hivyo. Sote tuliamini, na maneno ya yule askari juu ya chombo hakuna aliyeyakumbuka. Karatasi ya mudir imeandikwa na watu wasiomjua Faki, na sauti hii tumeisikia wenyewe, na kikohozi chake, na pweza wake. Nani mwengine duniani anajua habari za pweza? Kama waya ungekuwa mbovu tungepata shaka, tungesema labda si yeye. Lakini waya ulikuwa mzuri, hata pumzi yake tuliisikia akiivuta.

Riziki hakutoka.

Kulipotulia kidogo Shehe Hamad akaniita pembeni. "Shaame, mie ndiye nitakayeulizwa. Binti huyu ni mjane au ni mke wa mtu? Kama mjane, ana eda, na eda ikisha yuko huru. Kama mke, atamngoja mumewe. Nitakaposema nitasema kwa kitu gani? Redio naijua jina lake tu. Weye ndio kazi yako."

Papo hapo akaja bibi mmoja akaniambia Riziki anataka kuniuliza neno. Nikenda nikasimama nje ya mlango, pazia limeshuka, Shehe kasimama nyuma yangu. Sauti ikatoka ndani, ndogo, lakini haitetemeki.

"Kaka Shaame, ile sauti ni ya mume wangu. Sisemi si yake. Nauliza ya lini."

"Kasema leo Ijumaa, dada."

"Nimesikia. Mie nimekaa humu siku zote hizi namlilia peke yangu, mama mkwe wangu halii. Sasa naambiwa nivae dhahabu. Nikivaa na kumbe kafa, nimemdhulumu. Na nikiambiwa nimngoje na kumbe kafa, n'tamngoja mpaka lini? Mpaka nizeeke humu ndani? Nenda kaulize kwa anayejua, tafadhali. Usirudi na maneno ya kunifurahisha."

Kesho yake nilikuwa dukani kwa Kasimali. Nikamueleza yote. Alikuwa anatengeneza saa, akaiweka chini, akavua miwani.

"Sauti zile hazitoki Bama, Shaame. Hakuna sauti inayoruka kutoka Bama mpaka Wambaa. Askari anasema, chombo kinaichora sauti yake kwenye sahani, kama sahani za santuri. Sahani inapakiwa meli. Inafika Nairobi baada ya miezi, na inapigwa siku watakayo wao."

"Na ile Ijumaa?"

"Ijumaa ziko nyingi."

 Nikamuuliza mambo mengine mawili matatu, akanijibu, na mengine natamani asingenijibu. Kisha akasema, "Waambie hujui. Mama kapata furaha, mwachie."

"Na yule binti?"

Akaifuta miwani muda mrefu kuliko inavyofutwa miwani. "Binti ni kijana," akasema. "Huyo ndiye atakayeozea ndani." 

Nikarudi Wambaa siku ile ile. Nilifika baada ya sala ya alasiri. Barazani kwa Bi Mize alikuwapo Shehe Hamad na Bwana Nassor, na Bi Mize mwenyewe kakaa mlangoni, kavaa kanga mpya, anachambua mchele. Alikuwa anataka kuwapikia watu wali wa kushukuru. Aliponiona akacheka. "Karibu fundi wangu! Karibu mwanangu! Siku akirudi, yeye na weye mtakula sahani moja."

Sikukaa. Nikazungumza nimesimama vile vile. Nikawaeleza alivyonieleza Kasimali, neno kwa neno, sikupunguza wala sikupamba. Chombo, sahani, meli, miezi. Nikasema Faki kasema kweli, siku hiyo alikuwa mzima, na ilikuwa Ijumaa, lakini Ijumaa ya nyuma, kabla ya habari aliyoileta mudir. Nyuma ya mlango nikasikia mtu anakaa chini, kanga inagusa sakafu. Nikajua Riziki kasikia.

Bi Mize hakuacha kuchambua mchele.

"Santuri naijua," akasema. "Ile sahani inazunguka naiona kwa macho. Kwenye redio ya Bwana Nassor kinazunguka nini?"

"Kinachozunguka kiko Nairobi, Bi Mize."

"Kwa hivyo hukukiona."

"Sikukiona."

"Basi nyamaza." Kisha ungo ukamponyoka kidogo, punje zikamwagika, akazitazama. "Uliniletea mwanangu kwa mkono wako, Shaame. Jana tu. Sasa umekuja kumchukua. Nilikukosea nini? Pweza wale?"

Shehe Hamad akamwambia kwa upole, "Bi Mize, huyu hajamchukua mtu. Kaulizwa, kajibu. Mie ndiye niliyemtuma."

 Bwana Nassor kainama, anachora chini kwa kidole. Kuku wakaja kudonoa ule mchele uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Halafu Bi Mize akauliza, sauti yake imebadilika, sauti ya mtu anayepanga mambo.

"Hiyo sahani yenye sauti yake, anayo nani?"

"Wenye stesheni, Nairobi."

"Bwana Nassor, weye unajua kuandika. Waandikie waniletee. Mwili wamezika wao huko, wala sikuuliza. Sahani na waniletee mie. Nitaiweka. Sitaki hata kuipiga. Nitaiweka tu ndani."

Hilo nilikuwa nimemuuliza Kasimali, na njia nzima nilimuomba Mungu nisiulizwe. Bwana Nassor ananitazama, anangoja niseme inawezekana. Shehe ananitazama. Wazo la kusema uwongo lilinijia, tena likakaa ulimini tayari. Lakini nyuma ya mlango alikuwako yule aliyesema nisirudi na maneno ya kumfurahisha.

"Hazikai, Bi Mize. Wakati huu wa vita sahani hazipatikani. Ikishapigwa huparuzwa, akatiwa mtu mwengine."

"Huparuzwa?"

"Ndio."

"Sauti yake wameiparuza."

"Ndio, Bi Mize."

Akauweka ungo chini, akaukung'uta mkono wake vumbi la mchele, akaufuta kwenye ile kanga mpya. Hakututazama hata mmoja wetu.

"Basi sasa ndio kafa," akasema.

Akanyanyuka, akajifunika kichwa, akaingia ndani. Tulimsikia anasema, "Riziki, mwanangu, sogea nikae nawe." Mlango ukafungwa. Na hapo ndipo ulipotoka ukelele ambao Wambaa walikuwa wakiungoja tangu siku ya kwanza ya matanga, ukafuatwa na wa pili, na baadaye hukuweza kujua upi wa mama na upi wa mke. Wanawake wakaanza kutoka majumbani, wanakuja mbio, wanauliza nani kafa, nani kafa tena. Shehe Hamad akainua mikono, nasi tukainua yetu. Mudir alikuja na habari zamani, lakini Faki alikufa Wambaa siku ile, baada ya alasiri, na aliyeileta habari ni mimi.